Chupa ya Mafuta Kando ya Jiko

Kwanza alikula. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema lolote lingine. Mama mkwe wangu alikula mkate wa nazi wa mama yangu kipande baada ya kipande, akalamba vidole, akafunika kilichobaki kwa sahani ili asije mwingine akakimaliza. Ni baadaye, tumbo likiwa limejaa, ndipo alipoanza kusema kwamba nyumba yangu inanuka Pwani.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Tena, Nairobi, ghorofa ya tatu, katikati ya miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa karani kwenye kampuni moja kule viwandani. Mama yake alikuwa ametoka Ukambani kuja kututembelea baada ya harusi, na nilipojifungua binti yetu wa kwanza ziara hiyo ilikuwa bado inaendelea. Tulikuwa na chumba kimoja cha kulala, sebule, jikoni pa kutosha mtu mmoja asiye mnene, na kibaraza cha kuanikia nguo ambapo tuliwasha jiko la makaa. Mama mkwe alilala kwenye kochi, na kabla hakujakucha alikuwa ameshaamka, anaomba kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani wa chini.

Mimi ni wa Rabai. Kwetu mwanamke akijifungua, mamake huja. Hangoji mwaliko na wala haulizi kama kuna nafasi. Humkanda mzazi, humlisha, humwogesha mtoto, na hafungi safari ya kurudi kwake mpaka arobaini iishe. Mama yangu alizaa wavulana watupu na mimi peke yangu binti. Wake za ndugu zangu walihudumiwa na mama zao, ndivyo inavyokwenda, na yeye alikuwa akienda kuwaona wajukuu hao kama mgeni, anashikishwa mtoto kidogo kisha anapokonywa. Zamu yake ilikuwa kwangu. Aliingojea tangu siku nilipovunja ungo, na hakutaka kitu kingine chochote kwangu wala kwa mume wangu.

Alifika asubuhi kwa basi la usiku, ana gunia la nazi na mbuzi yake ameifunga kwa leso. Mbuzi ninayoisema ni ile ya kukunia nazi, kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno mbele. Ilikuwa mwezi wa saba. Mama hakuwahi kufika Nairobi mwezi wa saba, na alikuwa amevaa sweta ya ndugu yangu juu ya gauni, meno yanagongana, anacheka.

Mama mkwe alilitazama lile gunia. "Sasa hizi zote ni za nini? Kwani mnafungua duka?"

"Mkwe wangu," mama akamjibu, "hizi hata mwisho wa arobaini hazifiki."

Siku hiyo hiyo akaketi kibarazani juu ya mbuzi yake, miguu huku na huku, sinia chini, akaanza kukuna. Nikiwa kitandani na nyuzi zangu zinaniuma, nilisikia ile sauti ya chuma ikikwaruza nazi, na nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nitoke hospitali. Naisema hivyo hivyo ilivyokuwa. Wengine hubembelezwa kwa nyimbo.

Ngoja niwaeleze jinsi alivyofanya kazi, maana watu wa mjini hudhani nazi ni kitu cha kununua kwenye kopo. Alikamua mara ya kwanza kwa maji kidogo akapata tui zito, akaliweka kando. Akakamua tena kwa maji mengi akapata tui jepesi. Wali uliiva kwenye tui jepesi, na lile zito likatiwa mwishoni kabisa, makaa yakapandishwa juu ya kifuniko. Kunde hivyo hivyo. Mchicha hivyo hivyo, na hapo alikuwa akisimama akikoroga bila kuondoka, kwa sababu tui zito ukiligeuzia mgongo linakatika. Asubuhi alinipikia uji wa mtama, akaumiminia tui badala ya maziwa, akaniambia ninywe mpaka tone la mwisho ili mtoto naye apate. Nilipata maziwa mpaka nikawa nalowesha shuka.

Na ule mkate. Unga wa mchele, tui, sukari, hamira, na iliki ambayo alimtuma mume wangu mpaka Eastleigh kuitafuta kwa sababu ile ya dukani kwetu alisema ni maganda matupu. Aliuacha uumuke chini ya blanketi langu, ubavuni mwangu, maana ndipo palipokuwa na joto katika nyumba nzima. Kisha akaumimina kwenye sufuria, moto chini, moto juu. Harufu iliteremka ngazi zote. Vijana waliokuwa wakikaa kule chini langoni walimwita alipokwenda kutupa taka. "Mathee, hiyo harufu itatumaliza sisi." Akawakatia na wao. Kuanzia siku hiyo hawakumwacha abebe ndoo ya maji hata mara moja.

Machicha yaliyobaki baada ya kukamua hayakutupwa. Alinisugulia miguu iliyokuwa imevimba, akanisugua mgongo, mikono, mpaka nikahisi nimevaa ngozi mpya. Kisha mafuta. Aliacha tui zito likae mpaka mafuta yapande juu, akalichemsha kwa moto wa polepole, akalikatisha kusudi sasa, mpaka mafuta yakajitenga, maangavu kama maji, na mashapo ya kahawia yakabaki chini ya sufuria. Mashapo tulikula kwa sukari. Mafuta akayatia kwenye chupa ya soda aliyoiosha na kuikausha juani. Kila asubuhi alinikanda kwa maji ya moto, akanipaka, kisha akampaka mtoto kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo, akimvuta vidole kimoja kimoja huku akimtaja babu yake, bibi yake, mashangazi, na wote waliotangulia. Mtoto alikuwa akimtazama tu, ametulia.

Mama mkwe alikula wali. Alikula kunde. Mkate nimeshausema. Yeye alizoea muthokoi, mahindi yao ya kukobolewa na maharagwe, na sukuma wiki ya kukaangwa kwa mafuta ya mkebe, na sina neno na muthokoi, naipenda mpaka leo. Lakini alikuwa akila, anapangusa mdomo, anasema, "Chakula yenu ni tamu, lakini hii harufu imeingia mpaka kwa Biblia yangu." Nguo zake zilinuka nazi. Kochi lilinuka nazi. Mtoto alinuka nazi, na mtoto mzuri, alisema, hunuka mafuta ya mgando na poda. Mama alimjibu kwa kicheko. Mimi nilikuwa namwambia mama usicheke, huyu hatanii, naye ananiambia, "Mwache mkwe wangu, atazoea." Mama yangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Hasira zote hizi nimezirithi kwa baba.

Niseme jambo moja kabla sijaendelea, maana likinikaa moyoni litanichoma. Siku hizi mama mkwe huyo huyo anapaka mafuta ya nazi kichwani. Nywele zilianza kumtoka mbele, mwanamke mmoja wa kanisani akamwambia mafuta ya nazi ndiyo dawa, yale ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha dhahabu, na sasa nikienda dukani ananiagiza. "Usisahau ile yangu ya nazi." Huniagiza hivyo bila kupepesa jicho. Nami huenda, hununua, humletea, na moyoni huwa namtukana kwa Kirabai.

Basi mtoto akatoka vipele. Vilianzia mapajani, vikaenda makalioni, kisha ngozi ikachubuka ikawa nyekundu, na kila tulipombadilisha alilia kwa uchungu mpaka sauti ikakauka. Mama akampaka mafuta, ngozi ikatulia kidogo, kesho yake ikaamka tena. Hakuelewa. Aligeuza mtoto huku na huku, akatazama shingoni, kwapani, kifuani, na kote huko ngozi ilikuwa nyororo. "Mbona ni hapa peke yake?" aliniuliza. Lilikuwa swali zuri. Laiti mtu mwingine mle ndani angejiuliza hilo swali.

Kuhusu nepi, mama mkwe alikuwa ameshasema tangu siku ya kwanza kwamba nepi za mjukuu wake atafua yeye. Hiyo ilikuwa haki yake na hakuna aliyemnyima. Alizifua kwa sabuni ya unga, nyingi, mpaka povu likamwagika nje ya beseni, kwa sababu aliamini povu ndilo linalofua. Na maji pale Tena siku zile yalikuja yakipenda. Tulikuwa tukinunua kwa mitungi kutoka kwa watu wa mikokoteni na kupanda nayo ngazi, kwa hiyo alisuza mara moja, harakaharaka, akaanika. Zikikauka zilisimama zenyewe kama mbao. Mimi nilidhani ni baridi.

Kisha asubuhi moja nikasikia mama mkwe akimwita mwanawe kwa sauti ya msiba. Nilitoka chumbani nimeshika ukuta. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha la sebule, kidole kimenyooka, haigusi, anaionyesha tu ile chupa ya mafuta ambayo mama alikuwa ameiacha pale jana yake badala ya kuirudisha kitandani kwangu. Mafuta yalikuwa yameganda. Yote, kuanzia chini hadi shingoni, meupe kama mshumaa.

"Jana ilikuwa maji," mama mkwe akasema. "Mimi mwenyewe niliona. Leo imegeuka. Hii kitu inageuka yenyewe usiku. Ni majini ya Pwani."

Mama akaja akijifunga leso. Akaichukua chupa, akaitazama, akaipindua juu chini. Hakikutoka kitu. Akaigonga na kiganja. Nilimwona usoni kwamba ameshtuka kweli, kwa sababu huko Rabai mafuta hayagandi. Joto la kwetu haliyaruhusu. Tangu azaliwe alikuwa akiyamimina, mamake alikuwa akiyamimina, na leo yamemkatalia.

"Hivi sijapata kuyaona," akasema.

Angesema neno lingine lolote. Angesema ndivyo yalivyo, angesema nendeni mkalale. Lakini mama hakujua kudanganya hata kwa faida yake, na kwa ukweli wake huo wakamhukumu. Mama mkwe alimgeukia mwanawe. "Umesikia kwa mdomo wake. Hata yeye haijui. Na tangu ampake mtoto hiyo kitu, mtoto anaungua."

Nilisema ni baridi. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kiingereza ili mume wangu asikie vizuri, maana yeye ndiye aliyekuwa amesoma mpaka kidato cha nne. Nikaenda jikoni nikauleta mkebe wa mafuta ya kupikia, yale mama mkwe aliyokuwa akikaangia sukuma wiki yake, nikaufunua mbele ya macho yao. "Haya nayo yameganda. Hayo nayo ni majini?" Mume wangu akatazama mkebe, akatazama chupa, akatazama mamake. Kisha akavaa koti akaenda kazini. Nakumbuka jinsi alivyofunga vifungo, polepole, kana kwamba vifungo vile ndivyo vilivyokuwa shida ya siku hiyo. Kama nina chuki yoyote iliyobaki, basi nusu yake ni ya vifungo vile.

Jumapili mchana, baada ya ibada, wakaja akina mama wa maombi wa kanisa letu la mtaani. Mama mkwe ndiye aliyewaita. Walijaa sebuleni mpaka wengine wakakaa kwenye mikono ya kochi. Mama yangu hakujua walichokuja kufanya. Alidhani wamekuja kumwona mtoto, na kwetu mgeni wa namna hiyo hatoki mkavu, akaingiza jiko la makaa ndani kwa sababu ya baridi, akatenga sufuria ya chai, akawakatia mkate. Wakala. Wallahi walikula, na kiongozi wao akauliza unapikwaje.

"Unga wa mchele na tui la nazi," mama akasema.

Yule mwanamke akaacha kutafuna. Hakujua ateme au ameze. Mwishowe alimeza, akapangusa vidole kwenye kitambaa changu cha kochi, akafungua Biblia.

Mniruhusu hapa niseme kitu kuhusu mama yangu. Watu wa Rabai walibatizwa reli ikiwa haijafika Nairobi, na Nairobi yenyewe ikiwa bado ni bwawa. Mama aliimba sauti ya tatu kwenye kwaya tangu ujana wake. Alijua zaburi ambazo wale wanawake walikuwa wakizitafuta kwa kufunua kurasa. Huyo ndiye waliyemwambia apige magoti kwenye sakafu ya nyumba ya mwanawe ili watoe majini ya Pwani. Na alipiga. Alinitazama mara moja, akapiga magoti, kwa sababu aliona akikataa ni mimi nitakayebaki nao.

Chupa wakaiweka sakafuni katikati, kando ya jiko, wasiiguse sana. Wakaanza. Waliomba kwa zamu, wakaomba kwa pamoja, wakakemea, wakapiga miguu chini mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Chumba kilikuwa kidogo, madirisha yamefungwa, watu wamejaa, jiko linawaka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha kulala na mtoto kifuani, na nikaiona ile chupa ikianza kubadilika. Upande uliokuwa karibu na jiko ulikuwa wa kwanza. Mafuta meupe yakalainika, yakatoa jasho, kipande kikateleza kikaelea. Waliokuwa wamefumbua jicho moja nao wakaona. Mmoja akapiga kelele, "Inayeyuka!" Sauti zikapanda. Wakaendelea mpaka mafuta yote yakawa maangavu kama siku mama alipoyatia.

Mama naye aliona. Nilimwona akiitazama chupa, akalitazama jiko, akaitazama chupa tena, na nikajua ameelewa. Uso wake ulifunguka, masikini, alifurahi. Alidhani mambo yamekwisha.

"Ndugu zangu," akasema, bado yuko magotini, "kumbe ni moto huu. Kumbe ni baridi ndiyo iliyo..."

"Nyamaza," kiongozi akamwambia. "Usikatize kazi ya Bwana."

Nikasema mimi. Nikasema ni jiko, mbona hamna macho, sogezeni jiko kisha muombe tuone. Mama mkwe akawaambia wenzake wanisamehe, mimi ni mzazi, akili yangu haijakaa sawa. Wakaniombea na mimi. Mikono ya watu nisiowajua kichwani mwangu, na mtoto kifuani analia, na ile sabuni inamla.

Jioni mume wangu, ambaye wakati wote huo alikuwa ameona ni vizuri akatembelee rafiki yake Kariobangi, alirudi akakaa na mamake kibarazani. Kisha akaja kwa mama yangu. Alisema kwa adabu sana. Adabu yake ndiyo iliyonikera zaidi ya yote.

"Mama, tunashukuru kwa yote. Lakini kwa ajili ya amani, naona afadhali urudi upumzike kwanza. Mtoto akipona tutakuita."

"Arobaini yake haijaisha, baba," mama akasema.

"Mama yangu yupo. Atamsaidia."

Mama akanitazama. Nikamwambia mume wangu, mbele ya mamake, kwamba mama akitoka natoka naye. Mama ndiye aliyenikataza. Alikuja kukaa kitandani kwangu, akanishika mguu juu ya blanketi, akaniambia kwa Kirabai kwamba nyuzi hazijapona, mtoto ni mgonjwa, na safari ni ndefu. "Nitakuja wakiniita," akasema. Alfajiri akaifunga mbuzi yake kwa leso. Nazi zilizobaki alizigawa kwa wale vijana wa langoni, wakamsindikiza mpaka stendi wakimbebea mzigo, nao ndio watu pekee walioona haya siku ile. Chupa ya mafuta mama mkwe aliimwaga kwenye sinki. Kesho yake, kwa ile baridi, sinki ikaziba. Hakuna aliyenuna kwa hilo isipokuwa mimi niliyeizibua.

Sasa mafuta ya nazi hayakuwepo. Mama yangu hakuwepo, nazi haikuwepo, majini yalikuwa yamefukuzwa kwa mbiu na tarumbeta. Mtoto akazidi kuungua. Akafika mahali ngozi inabaki kwenye nepi. Hapo sikuuliza mtu, nilimfunga mgongoni nikaenda kliniki.

Nesi alimfunua, akavuta pumzi. Hakuangalia sana. Aliinusa ile nepi, akaikunjakunja kwenye vidole, ikalia. Akaniuliza ni nani anayefua, kwa sabuni gani, na anasuza vipi. Nikamwambia. Akanionyesha, akaitumbukiza nepi safi, iliyokauka, niliyokuwa nimeibeba ya kumbadilisha, ndani ya beseni la maji, akaifinya. Povu likatoka.

"Mtoto analalia sabuni usiku kucha," akasema. "Tumia ya kipande, usuze mpaka maji yawe safi. Na mnampaka nini?"

"Tulikuwa tunampaka mafuta ya nazi."

"Mbona mliacha?"

Niliikamua ile nepi ya povu, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda kununua sabuni ya kipande.

Nilifua mwenyewe. Nilibeba maji mwenyewe, nyuzi zikaniuma, sikujali. Nilisuza mpaka vidole vikakunjamana. Ngozi ya mtoto ilifunga, ikakauka, ikawa safi tena, na nikamwambia mume wangu: mtoto amepona, ulisema mtamwita, haya mwite. Kulikuwa na simu kazini kwake, na duka moja karibu na kwetu Rabai lilikuwa na simu ya kuitia watu. Alisema atapiga. Kesho yake akasema alisahau. Siku nyingine akasema laini ilikuwa mbovu. Mwishowe akasema, "Mambo yameshaisha, mbona unataka kuyafufua?" Arobaini yangu ikaisha hivyo, nikiwa nakunywa uji mkavu wa unga wa mahindi, na mama mkwe akinitazama kama ninayepaswa kushukuru.

Jumapili iliyofuata tulimpeleka mtoto kanisani kwa mara ya kwanza. Wakati wa ushuhuda mama mkwe akasimama. Akasema mjukuu wake alikuwa amefungwa kwa mafuta kutoka Pwani, yakageuka jiwe, wakaomba, yakayeyuka mbele ya mashahidi, na leo tazameni ngozi ya mtoto. Watu wakaitikia. Damu ilinipanda kichwani mpaka nikaona giza. Nikasimama na mtoto mkononi, nikasema kwa sauti yangu yote, "Ilikuwa sabuni. Ilikuwa sabuni ya nepi, nendeni mkamuulize nesi."

Wakapiga makofi. Walidhani na mimi natoa ushuhuda.

Nilitoka pale pale. Mume wangu alinishika pindo la gauni nikaling'oa mkononi mwake. Nilipita nyumbani, nikatia nepi kwenye kiondo, na usiku huo nikawa kwenye basi, na kesho yake kabla ya adhuhuri nilikuwa natembea kwenye kile kijia cha kwetu, jua linaniwaka kisogoni, mtoto amelala begani.

Mama alikuwa uani amekaa juu ya mbuzi, anakuna. Aliniona, akainuka upesi mpaka sinia ikapinduka. Akaja hadi karibu, mikono imenyooka kabisa kumpokea mtoto. Kisha akasimama. Akairudisha mikono.

"Mpokee, mama," nikamwambia.

"Ngoja kwanza."

Akaenda kwenye mtungi, akachota maji, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akanusa vidole. Akanawa tena, akisugua katikati ya vidole na chini ya kucha, akanusa tena. Nikamwambia hakuna haja, mama, mtoto amepona, haikuwa nazi, ilikuwa sabuni, nesi amesema. Alinisikia. Aliitikia kwa kichwa. Akaendelea kunawa.

"Nimetoka kukuna sasa hivi," akasema. "Nisije nikampaka, ukirudi wakamnusa."

Akajifuta kwa leso, akaja, na kabla hajamgusa mtoto akaninyooshea mimi mikono yote miwili, viganja juu, kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha, ninuse nimwambie kama inafaa.